Arthur Looss, Mchunguzi wa Minyoo ya Kasa na ya Binadamu

Kila askari hufundishwa, tangu siku za ukuruta, kwamba kabla ya kumpiga adui ni sharti kwanza kuijua njia anayopitia. Mlinzi wa lango huulizwa ni nani aliyepita, saa ngapi, na kwa ruhusa ya nani. Hata hivyo wako maadui wasiopita langoni. Hao hupenya katikati ya vidole vya mguu usio na kiatu, au katika ngozi ya mkono unaofua sare kando ya ziwa. Na baada ya wiki au miezi kadhaa, kikosi kilichokuwa na nguvu hugeuka kikosi cha wagonjwa. Maadui tunaowazungumzia ni minyoo ya safura na minyoo ya kichocho.

Mtu aliyeigundua njia ya safura alikuwa Mjerumani aitwaye Arthur Looss. Yeye alikuwa mtaalamu wa wanyama, aliyetumia karibu miaka 20 nchini Misri akiwapasua samaki, vyura, ndege na kasa wa baharini ili kuitambua na kuipanga minyoo iliyokuwa ndani yao. Alipata ushindi mkubwa juu ya safura, kisha akakosea vibaya juu ya kichocho. Ushindi huo na kosa hilo vyote viwili vinafaa kujulikana na kila mtu avaaye sare, kwa sababu vyote viwili viligusa afya ya majeshi.

MWANAFUNZI WA LEUCKART

Arthur Looss alizaliwa tarehe 16 Machi, 1861, katika mji wa Chemnitz, nchi ya Saxony. Wakati huo Ujerumani ilikuwa bado haijaungana kuwa dola moja; muungano huo ulikuja mwaka 1871, Looss akiwa mtoto wa miaka 10. Alipokuwa kijana aliingia Chuo Kikuu cha Leipzig kusoma elimu ya wanyama. Mwalimu wake huko alikuwa Profesa Rudolf Leuckart, ambaye katika zama zake hakuwa na mshindani katika elimu ya minyoo na viumbe wengine wanaoishi kwa kuwanyonya wenzao. Wanafunzi walimwendea kutoka nchi nyingi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Leuckart alishughulikia ugonjwa wa ini la kondoo, unaoletwa na mnyoo bapa mfano wa jani. Yeye huko Leipzig, na Mwingereza Algernon Thomas huko Oxford, kila mmoja kwa kazi yake mwenyewe, walithibitisha kwamba mnyoo huo hauwezi kutoka kondoo mmoja kwenda kwa mwingine moja kwa moja. Mayai hutoka na kinyesi na kuanguliwa majini. Kiluwiluwi kinachotoka humo humtafuta konokono na kuingia mwilini mwake. Ndani ya konokono kiluwiluwi hicho kimoja huzaa viluwiluwi wengine wengi sana wa umbo jingine, nao hutoka kwenda kumtafuta kondoo. Pasipo konokono safari inakatika, na ugonjwa hauendelei.

Hilo ndilo somo alilokulia nalo Looss. Mwaka 1885 alipata shahada ya udaktari wa falsafa kwa kuandika juu ya minyoo bapa, na tangu siku hiyo hakuiacha jamii hiyo ya minyoo hadi mwisho wa maisha yake. Alikuwa mtu wa mikono mitulivu na jicho kali. Alichora mwenyewe alichokiona katika hadubini, na michoro yake bado inatazamwa na wataalamu kwa heshima, ingawa zaidi ya miaka 100 imepita.

KAZI ILIYOMPELEKA MISRI

Mwaka 1851 daktari mwingine wa Kijerumani, Theodor Bilharz, alipokuwa akipasua maiti katika hospitali ya Kasr el Aini mjini Cairo, aliona minyoo ndani ya mishipa ya damu. Minyoo hiyo ndiyo iletayo kichocho, ugonjwa ambao kwa jina lake daktari huyo huitwa pia bilhazia. Wakulima wa Misri walikuwa wakikojoa damu tangu zama za Mafarao. Mayai ya minyoo hiyo yamepatikana hata katika maiti za kale zilizohifadhiwa. Bilharz alifariki mwaka 1862 akiwa bado kijana. Alimwona adui, lakini hakuijua njia aliyopitia kuingia mwilini mwa mtu.

Swali hilo ndilo lililomfikisha Looss Misri mara ya kwanza, katika miaka ya mwanzo ya 1890. Kwa mafunzo aliyoyapata kwa Leuckart, jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa la haki kabisa: alimtafuta konokono. Aliwakusanya konokono wa mifereji, akawachunguza, wala hakuona ndani yao alichokitazamia. Msomaji na aliweke jambo hili moyoni, maana tutalirudia.

Mwaka 1896 Looss alirudi Misri kufanya kazi katika Shule ya Tiba ya Serikali mjini Cairo, na baadaye akawa profesa wa elimu ya minyoo na viumbe wanyonyaji. Hapo ndipo alipoishi na kufanya kazi mpaka mwaka 1914.

MINYOO YA KASA

Watu wengi humkumbuka Looss kwa sababu ya magonjwa ya binadamu. Lakini kwa miaka mingi meza yake ilijaa wanyama, na miongoni mwao kasa wa pwani za Misri walikuwa na nafasi ya pekee. Kasa huishi miaka mingi, husafiri mbali sana baharini, na hula vyakula vya namna nyingi: kasa duvi huvunja kome na kaa kwa taya zake, na kasa wa kijani akishakua hula zaidi majani ya baharini na mwani. Kwa hiyo kila kasa ni kama bohari ya minyoo. Looss alikuta minyoo bapa katika tumbo la chakula, katika matumbo, katika kibofu cha mkojo, na hata ndani ya moyo na mishipa mikubwa ya damu.

Kabla ya wakati wake minyoo hiyo ilikuwa imerundikwa ovyo. Mnyoo bapa wowote wenye vinywa viwili vya kunyonyea, mmoja mbele na mwingine tumboni, uliingizwa katika jamii moja kubwa iliyoitwa Distomum, ukawa kama askari wa vikosi vyote waliovishwa kofia moja wasiweze kutambulikana. Mwaka 1899 Looss alitoa kazi kubwa ya kuivunja jamii hiyo. Alishikilia kwamba mnyoo usipangwe kwa sura ya nje tu, bali kwa viungo vyake vya ndani: utumbo unavyokwenda, viungo vya uzazi vilivyokaa wapi, mifereji ya kutolea taka ina matawi mangapi. Mwaka 1902 alichapisha kazi nyingine juu ya minyoo ya kasa peke yake, yenye kurasa karibu 500. Majina ya jamii alizozitambua yeye, kama vile Pronocephalus, Cricocephalus, Pachypsolus na Hapalotrema, yangali yakitumika kila mahali ambapo kasa aliyekufa anapasuliwa na minyoo yake kuhesabiwa.

Jamii hiyo ya mwisho, Hapalotrema, inatuhusu zaidi. Ni minyoo iishiyo katika moyo na mishipa ya damu ya kasa. Hutaga mayai ndani ya damu, na mayai hayo huchukuliwa na mkondo mpaka yakakwama katika mishipa midogo ya utumbo, ini, mapafu, hata ubongo. Pale yanapokwama nyama ya mwili huvimba na kuwa na makovu. Kasa wengine huishi nayo miaka bila dalili kubwa. Wengine hudhoofu, wakakonda, mwishowe bahari ikawatupa ufukoni.

Mtu aliyewahi kusoma habari za kichocho ataona mara moja mfanano. Kichocho nacho ni mnyoo wa ndani ya damu, na madhara yake makubwa hutoka katika mayai yaliyokwama katika kibofu, utumbo na ini. Elimu ya leo inaiweka minyoo ya damu ya kasa na minyoo ya kichocho katika ukoo mmoja. Tofauti iliyo wazi ni kwamba mnyoo wa kasa una viungo vya kiume na vya kike katika mwili mmoja, lakini minyoo ya kichocho ni dume na jike, na jike hukaa ndani ya mfereji ulio katika mwili wa dume. Basi mtu yule yule aliyeishika mikononi mwake minyoo ya damu ya kasa ndiye aliyekuwa akiitafuta njia ya minyoo ya damu ya binadamu.

TONE LILILOANGUKA MKONONI

Katika siku hizo Looss alikuwa pia akiichunguza safura. Mnyoo wa safura una urefu wa kama sentimita moja. Hukaa katika utumbo mdogo, hushika ukuta wa utumbo kwa kinywa chake na kunyonya damu. Mtu mwenye minyoo michache huenda asijue. Mwenye minyoo mingi hupungukiwa damu, macho na viganja huwa vyeupe, pumzi humwisha kwa kazi ndogo, akaitwa mvivu. Huenda askari wengi wa zamani waliadhibiwa kwa uvivu hali walikuwa wagonjwa.

Wakati huo madaktari waliamini kwamba safura huingia kwa kinywa tu, kwa maji machafu au mikono yenye udongo. Looss naye aliamini hivyo. Siku moja alikuwa akiwatilia panya-buku vinywani maji yenye viluwiluwi vya safura, na tone moja likamwangukia mkononi. Hakulifuta upesi. Baada ya muda mfupi aliona ngozi inawaka na kuwasha, ikawa nyekundu. Mtu mwingine angenawa mikono, akaendelea na kazi. Looss alikwangua unyevu uliobaki juu ya ngozi, akautia chini ya hadubini, akaona kwamba viluwiluwi karibu wote wametoweka na kilichobaki ni magamba yao matupu. Walikuwa wamekwenda wapi? Akashuku kwamba wamepita katika ngozi yake.

Tangu siku hiyo akawa anachunguza kinyesi chake mwenyewe. Baada ya wiki kadhaa aliona mayai ya safura. Mwili wake ulikuwa umetoa ushahidi.

Alipoitangaza habari hiyo mwaka 1898 wengi hawakumsadiki. Looss hakugombana kwa maneno matupu, alitafuta ushahidi wa pili. Hospitalini palikuwa na kijana ambaye mguu wake ulikuwa ukatwe kwa ajili ya ugonjwa. Muda mfupi kabla ya mguu kukatwa, Looss alidondosha juu ya ngozi yake maji yenye viluwiluwi. Na mguu ulipokwisha kukatwa, alichukua vipande vya ngozi ile, akavikata vyembamba na kuvitazama. Humo aliwaona viluwiluwi, wakiwa wameingia hasa kwa kupitia matundu ya vinyweleo.

Kisha aliwatumia mbwa wadogo, akawafuata minyoo hatua kwa hatua mwilini. Njia aliyoiona ni ya ajabu. Kiluwiluwi huingia ngozini, huingia katika mishipa ya damu, hupelekwa hadi upande wa kulia wa moyo, kutoka huko hadi mapafuni. Mapafuni hutoboa na kuingia katika njia ya pumzi, hupanda taratibu mpaka kooni, mtu humeza mate, na kiluwiluwi hushuka tumboni mpaka utumbo mdogo, huko hukua na kuanza kunyonya damu. Looss aliyaandika yote haya, pamoja na umbile zima la mnyoo, katika vitabu viwili vikubwa vilivyotolewa na Shule ya Tiba ya Cairo mwaka 1905 na 1911.

Jambo hili lilibadili kazi ya afya duniani. Ikiwa adui hupita katika ngozi ya mguu, kuchemsha maji peke yake hakutoshi. Inapasa kuchimba vyoo ili kinyesi kisifike juu ya ardhi, na inapasa kuvaa viatu. Mwaka 1899 daktari wa jeshi la Marekani, Bailey Ashford, alikuwa ametambua huko Puerto Rico kwamba upungufu wa damu uliokuwa ukiwaua wakulima maskini ulitokana na safura. Na tangu mwaka 1909 kazi kubwa ya kupambana na safura ilianza katika majimbo ya kusini ya Marekani, ikisisitiza dawa, vyoo na viatu. Kiatu cha askari, ambacho wengine hukiona ni pambo la gwaride, kimekuwa tangu hapo silaha halisi.

KUKOSEA JUU YA KICHOCHO

Tungeishia hapo, habari ya Looss ingekuwa ya sifa tupu. Lakini ukweli unatutaka tuendelee.

Katika suala la kichocho Looss alikuwa amewatafuta konokono wenye viluwiluwi asiwapate. Kutokana na hilo alijenga hoja kwamba kichocho hakihitaji konokono kabisa. Alisema kiluwiluwi kinachoanguliwa katika yai, majini, humwingia mtu moja kwa moja kwa kupenya ngozi, na kwamba mabadiliko yote ambayo minyoo mingine huyapata ndani ya konokono, mnyoo wa kichocho huyapata ndani ya ini la mtu mwenyewe.

Tazama jinsi kosa lilivyokaa karibu na ukweli. Kwamba adui hupita katika ngozi, alikuwa sahihi. Ila alikosea kuhusu ni nani apitaye. Safura ilikuwa imempa ushindi mkubwa katika njia ya ngozi, na ushindi huo ulimtia nguvu ya kuamini kwamba fumbo la pili limekwisha. Kutoona konokono mwenye ugonjwa akakufanya kuwa ushahidi kwamba konokono huyo hayupo. Askari wa upelelezi anajua hatari ya jambo hilo. Doria ikirudi bila kumwona adui, taarifa iliyo sahihi ni kwamba doria haikumwona. Haimaanishi kwamba bonde ni tupu.

Jina la Looss lilikuwa kubwa, na maneno yake yalikuwa mazito. Mwaka 1907 Louis Sambon aliandika kwamba kichocho cha Afrika ni minyoo ya namna mbili: mmoja wa kibofu, ambao yai lake lina mwiba mwishoni, na mwingine wa utumbo, ambao yai lake lina mwiba ubavuni. Looss alimpinga kwa ukali mwaka uliofuata, akashikilia kwamba ni mnyoo mmoja tu. Huko Japani wachunguzi walikuwa wakikaribia jibu juu ya kichocho cha nchi yao, na mwaka 1913 Miyairi na Suzuki walimpata konokono anayekibeba. Hata hivyo, kuhusu kichocho cha Afrika, neno la profesa wa Cairo lilikuwa bado lina nguvu.

VITA NA JIBU LA MWAKA 1915

Mwezi Agosti 1914 Vita Kuu ya Kwanza ilianza. Misri ilikuwa chini ya Uingereza, na Looss alikuwa Mjerumani. Nafasi yake ya Cairo ikaisha, na kazi ya maisha yake nchini Misri ikakatika.

Wakati huo huo wanajeshi kwa maelfu kutoka Uingereza, Australia na India walikuwa wakiwekwa Misri, kando ya Mto Nile na mifereji yake. Wakuu wa jeshi la Uingereza walikumbuka vizuri vita vya Makaburu vya mwaka 1899 hadi 1902, ambapo askari wao wengi walioga katika mito ya Afrika Kusini wakarudi kwao na kichocho, serikali ikabaki kuwalipa pensheni ya ugonjwa. Mwaka 1915 Wizara ya Vita ilimtuma Misri Daktari Robert Leiper, mtaalamu wa minyoo kutoka London, afumbue fumbo hilo upesi.

Leiper alipewa nafasi ya kufanya kazi katika shule ile ile ya tiba ya Cairo aliyoiacha Looss. Akachagua kijiji cha El Marg, karibu na Cairo, ambako kichocho kilikuwa kingi, akawakusanya konokono wa mifereji ambayo watoto wa kijiji waliogelea. Ndani yao aliwakuta viluwiluwi wenye mkia uliogawanyika ncha mbili, wanaofanana na wale wa Japani. Akawatia panya katika maji yenye viluwiluwi hao. Minyoo ya kichocho ikakua ndani ya panya. Tena akaona kwamba konokono wa aina moja, Bulinus, hutoa mnyoo ambao yai lake lina mwiba mwishoni, na konokono wa aina nyingine, aliye bapa kama sarafu, hutoa mnyoo ambao yai lake lina mwiba ubavuni. Sambon alikuwa sahihi, na konokono ambao Looss hakuona ugonjwa ndani yao walikuwa pale pale Cairo, katika mifereji ile ile.

Maana yake kwa jeshi ilikuwa kubwa. Kama nadharia ya Looss ingekuwa kweli, kila askari mgonjwa angekuwa hatari kwa wenzake popote aendapo, kwa kuwa mkojo wake ungetosha kuambukiza maji. Leiper alionyesha kwamba askari mgonjwa hawezi kumwambukiza mwenzake moja kwa moja, wala hawezi kuueneza ugonjwa mahali pasipo konokono wanaofaa. Alionyesha pia kwamba viluwiluwi waliotoka katika konokono hawaishi muda mrefu: maji yakitekwa, yakachujwa konokono wasibaki ndani, yakawekwa saa 48 katika chombo, huwa hayana tena hatari ya kichocho kwa mtu wa kuoga. Haya ni maagizo ambayo koplo yeyote aweza kuyatekeleza bila daktari kuwapo.

Majeshi yaliyopuuza elimu hiyo yalilipa. Mwaka 1944, katika kisiwa cha Leyte nchini Ufilipino, askari wa Marekani zaidi ya 1,000 walipata kichocho walipokuwa wakijenga madaraja na kuvuka vijito. Mwaka 1949 na 1950, kusini mwa China, maelfu ya wanajeshi waliokuwa wakijifunza kuogelea na kuvuka maji walipatwa na ugonjwa huo wakawa hawafai kwa vita.

MWISHO WA MAISHA YAKE

Looss alimaliza siku zake Ujerumani, mbali na mifereji ya Nile na kasa wa Mediterania. Alifariki mwezi Mei 1923 katika mji wa Giessen, akiwa na umri wa miaka 62.

Je, tumpime vipi mtu huyu? Wako wanaomtaja tu kama mzee mkaidi aliyekataa konokono. Huko ni kumdhulumu. Watu wasiohesabika wameokolewa na kile alichokiona katika ngozi ya mkono wake mwenyewe. Wako pia wanaomsifu kwa safura na kulificha kosa la kichocho. Hao nao hawamsaidii, kwa sababu kosa lake lina mafunzo mengi kama ushindi wake. Pale alipoliacha tone la maji limpe taarifa ambayo hakuitarajia, alishinda. Pale alipokuwa tayari na jibu na kuwapinga waliotaka kutazama upya, alishindwa, na miaka ikapotea huku wakulima na askari wakiendelea kuingia majini.

Hata kasa wake walikuwa na neno la mwisho. Minyoo ya damu aliyoikuta katika mioyo ya kasa ilibaki na njia isiyojulikana kwa zaidi ya miaka 100. Ni katika karne hii tu wachunguzi walipoanza kuwatambua wabebaji wake. Na mwaka 2017 walieleza kwa uthabiti njia ya mmoja wa minyoo hiyo. Mbebaji alikuwa konokono wa baharini, wa aina inayojibandika juu ya mawe na kuta asiondoke. Konokono tena! Somo la Leuckart lilikuwa kweli kwa kondoo, kweli kwa mtu, na kweli kwa kasa. Na dawa ya praziquantel ambayo mtu mwenye kichocho humezeshwa imetumiwa pia kuwatibu kasa wenye minyoo ya damu.

YANAYOTUHUSU SISI

Maji ya Mto Nile yanayopita Cairo, sehemu yake hutoka Jinja katika Ziwa Victoria na kupitia Ziwa Albert. Konokono wabebao kichocho cha utumbo wako katika maziwa yote mawili. Askari wa doria za ziwani, polisi wa vituo vya mialoni, na kuruta anayefua sare yake ukingoni wote wamo katika mapambano yale yale aliyoyaanza Looss.

Wajibu wetu si mgumu. Kila mtu atumie choo, asijisaidie kichakani wala majini. Buti livaliwe hata katika kazi za shamba la kambi, kwa ajili ya safura. Maji ya kuoga yaliyotekwa ziwani yachujwe na kuwekwa siku mbili, au yapashwe moto. Atakayelazimika kuingia majini kwa amri ya kazi, asingoje kukojoa au kuharisha damu. Aende kwa mganga wa kikosi, apimwe baada ya wiki kadhaa, na akionekana na minyoo ameze dawa. Naye kamanda anayemwona askari wake amekuwa mzito na mwenye kuhema, kabla ya kumwandikia adhabu ya uvivu, amtazame viganja na amtume akapimwe damu na kinyesi.

Wahenga wetu walisema kwamba mdharau mwiba guu huota tende. Mwiba wa safura na wa kichocho hauonekani kwa macho, lakini njia zake sasa zinajulikana. Ya kwanza tuliipata kwa sababu Arthur Looss hakulidharau tone moja la maji mkononi mwake. Na ya pili tuliipata kwa sababu wengine walirudi kuwatazama konokono ambao yeye alikwisha kuwaacha.